Karatasi Iliyofunga Bagia za Bi Somoe

"Usinishike, Hamida! Niache niseme! Mumeo ana mkono wa sumu!"

"Mama Najat, ingia ndani basi. Watu wanasikiliza."

"Waache wasikilize! Si wameshasoma? Wamebakiza nini sasa?"

Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye geti la Mwalimu Nurdin. Mtandio ulikuwa umemteleza mabegani. Mkononi alishika karatasi iliyolowa mafuta. Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya watu kufua na kupiga soga. Lakini mtaa ule wa Chamazi haujui ugomvi wa siri. Ukipaza sauti kidogo, watu wanaepua sufuria jikoni ili wasikie vizuri. Madirisha ya jirani yalishajaa vichwa.

Nurdin alitoka na msuli na singlendi. Povu la dawa ya meno lilikuwa bado mdomoni.

"Kuna nini, Bi Somoe?"

"Kuna nini? Wewe ndiye msomi, soma! Soma kwa sauti, kama alivyosoma Kondo jana pale kijiweni."

Nurdin aliipokea ile karatasi. Juu kabisa aliona jina la Najat, binti wa Bi Somoe. Najat alikuwa mwanafunzi wake chuo kikuu. Chini ya jina kulikuwa na wino mwekundu: tisa kati ya arobaini. Chini ya alama kulikuwa na maneno. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Hujui unachoandika. Rudi sekondari."

Aliyasoma kimya.

"Kwa sauti, Mwalimu!"

"Bi Somoe, mie..."

"Umeshindwa? Kondo wa bodaboda hakushindwa! Amesoma mbele ya watu wanaotoka uwanjani kwenye mechi. Wamecheka mpaka wamekaa chini. Na walikuwa wanakula nini? Bagia zangu! Nani kazifunga? Mimi! Nimemfunga mwanangu kwenye karatasi kwa mikono yangu hii, nikamuuza!"

Hapo sauti ilimkatika. Mtaa ulimzoea Bi Somoe kwa kelele na vicheko. Kumwona analia, hata vichwa vya madirishani vilirudi ndani.

Karatasi ya chuo ilifikaje kwenye bagia? Ilifika kwa wema, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Nurdin alifundisha somo la maendeleo ya jamii. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia nne. Kila semista aliwapa kazi tatu za kuandika. Kila kazi ilitakiwa iwe na kurasa nane, na jalada juu yake. Yote iprintiwe, tena upande mmoja tu wa karatasi. Siku ya kukusanya, foleni ya steshenari ya jirani na chuo ilifika barabarani. Kuna waliolala bila kula ili waprinti.

Ofisini hapakuwa na nafasi. Kwa hiyo Nurdin alizibeba karatasi hadi nyumbani. Maboksi yalijaa sebuleni. Yalikaa chini ya meza, nyuma ya kochi na juu ya kabati. Mgeni akija, alikaa na boksi ubavuni kama mtu aliyekuja naye. Panya nao walifanya ukoo humo.

Hamida, mke wa Nurdin, alipenda nyumba ya watu. Kila alasiri shoga zake walikuja kunywa chai na kuchambua habari za mtaa. Maboksi yalimkera. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Bi Somoe alikuwa anahangaika kutafuta kitu cha kufungia bagia.

"Chukua boksi moja, shoga," Hamida alimwambia. "Mwalimu ameshasahihisha. Zimekaa tu."

Bi Somoe alishukuru sana. Yeye shule aliishia darasa la tatu. Hakutazama maandishi. Alitazama upande gani ni safi. Upande mweupe aliuweka ndani, ugusane na bagia. Maandishi yakabaki nje, yanatazama dunia.

Basi siku ya mechi, watu wakamiminika Chamazi. Bagia zikaisha zote. Na kazi ya Najat ikatembea.

Kuanzia hapo, Najat hakutoka tena nyumbani.

Alijaribu mara moja. Alivaa vizuri, akabeba mkoba wake, akaelekea barabarani. Alipofika kijiweni, kuna aliyesema, "Rudi sekondari!" Vijana wote wakaitikia. Hata watoto wadogo, ambao hawajui sekondari ni nini, waliimba. Najat aligeuka. Alipita mbele ya kibanda cha mama yake bila kusema neno. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Bi Somoe naye aliacha kukaanga. Karai lilining'inia ukutani, kavu. Watu wa alfajiri walipita, wakaangalia kibanda kitupu, wakaenda zao.

Nurdin alikwenda kuomba radhi. Alibisha hodi. Hakuna aliyejibu, ingawa aliona pazia likitikisika. Alikwenda tena. Safari hii Bi Somoe alitokeza kichwa.

"Najat yupo?"

"Yupo. Anarudi sekondari," alijibu. Akafunga dirisha.

Nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya zaidi. Shoga za Hamida waliacha kuja. Nani aje kunywa chai kwenye nyumba ambayo siri za watu zinatoka na maboksi? Vikombe vilikaa kabatini. Hamida alipika, akapakua, akala kimya.

"Sema kitu basi, mke wangu," Nurdin alimwambia.

"Niseme nini? Mie nilitoa boksi. Lakini yale maneno sikuyaandika mie."

Nurdin alikumbuka vizuri siku aliyoyaandika. Ilikuwa mchana, joto kali, umeme umekatika. Alikuwa ameshasahihisha kazi nyingi mpaka macho yanauma. Hakuwa anasoma tena. Alikuwa anaangalia ukurasa wa kwanza, anaweka alama, anatupa pembeni. Kazi ya Najat ilianza vibaya kidogo. Hasira za karatasi zote zile akazimalizia kwake.

Mtu akichanganyikiwa hufanya mambo ya ajabu. Jumamosi moja Nurdin aliyatoa baadhi ya maboksi uani, akayachoma moto. Aliona atamaliza tatizo. Upepo ukavuma. Karatasi zilizoungua nusu zikaruka juu ya ukuta, zikatua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

"Mwalimu!" jirani alipiga kelele. "Shuka langu limepata arobaini kati ya arobaini! Sasa nani atalifua?"

Zamani mtaa mzima ungecheka, na Nurdin naye angecheka. Siku ile aliokota vipande vya majina ya watu mmoja mmoja, mikono myeusi kwa majivu. Hakuna aliyemsaidia.

Jumatatu aliwatangazia wanafunzi wake: "Kuanzia leo mtanitumia kazi kwa barua pepe. Lakini mje na kopi ya karatasi pia, kwa usalama." Foleni ya steshenari ikawa ndefu kuliko mwanzo. Alipoiona, Nurdin alikaa kwenye ngazi za chuo, akashika kichwa. Alihisi kwamba hakuna anachokigusa kikapona.

Hamida ndiye aliyempigia simu Flaviana.

Flaviana alifundisha chuo kilekile. Alikuwa mama wa Kimwera, kazaliwa Nachingwea, na siku hizi aliishi Boko. Alivuka jiji zima kuja Chamazi. Alipofika sebuleni, aliangalia maboksi yaliyobaki kabla hata ya kukaa.

"Nurdin, wewe unafundisha watu au unafuga karatasi?"

"Usinitanie, dada. Nimechoka."

"Sikutanii. Mie darasa langu ni kubwa kuliko lako. Umewahi kuniona na boksi?"

Nurdin alifikiri. Hakuwahi. "Wewe unafanyaje?"

"Kabla ya kudai karatasi, najiuliza: hii karatasi ni ya kazi gani? Nisipopata jibu, siidai. Notsi zangu zote naziweka kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni. Wanafunzi wanasoma kwenye simu."

"Si wote wana bando."

"Ndiyo maana faili nalifanya dogo. Sijazi mapicha. Mmoja anapakua pale chuoni kwenye intaneti ya bure. Halafu anawarushia wenzake simu kwa simu. Hapo bando halihitajiki."

"Na asiye na simu kubwa?"

"Huyo usimsahau hata kidogo. Wiki ya kwanza nawaambia: mwenye shida aniambie faragha. Huwa ni wachache. Nawawekea nakala maktaba, wanaazima. Lakini huwezi kuwaprintisha mia nne kwa sababu ya wachache."

Nurdin alijikuna kidevu. "Hata mie nimewaambia watume kwa mtandao."

"Ukawaambia walete na kopi?"

Nurdin aliitikia kwa kichwa.

"Basi hujapunguza kitu, kaka. Umewaongezea kazi. Na hata notsi, ukiweka mtandaoni halafu ukasema kila mtu aje nazo zimeprintiwa, karatasi ni ileile. Umehamisha mzigo tu, kutoka kwako kwenda kwao."

"Idara inataka nakala za karatasi."

"Umewauliza?"

"Nimekuta iko hivyo."

"Mie niliuliza. Wanataka mifano michache tu ya kumwonyesha mtahini wa nje. Tumekaa miaka tunajaza makabati kwa sababu hakuna aliyeuliza."

Hamida alileta chai, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kukaa chumba kimoja na mumewe.

"Macho yangu hayawezi kusoma kwenye kompyuta kazi zote zile," Nurdin alisema.

"Kwenye kompyuta unakuza maandishi. Karatasi haikuzi. Lakini nikuambie ukweli?" Flaviana aliweka kikombe chini. "Hata kwenye karatasi husomi. Hakuna binadamu anayesoma kurasa zote hizo. Unapiga tiki tu. Punguza kazi zenyewe. Wape moja fupi, ya kurasa mbili, bila jalada. Nyingine waifanye kwa makundi, watano watano, waje waieleze kwa mdomo mbele ya darasa. Jaribio, andika maswali ubaoni, wajibu kwenye madaftari yao."

"Na mtihani wa mwisho?"

"Huo utaprinti, ndio utaratibu. Ila printi pande zote mbili, na kwa idadi ya waliojiandikisha. Siyo unaongeza rundo zima eti la akiba."

"Na majina je?" Hamida aliuliza ghafla. "Hizi zilizobaki humu ndani, tuzifanyeje?"

"Kazi ya mwanafunzi ni siri yake, wifi, kama cheti cha hospitali. Irudi kwa mwenyewe. Muda wake ukiisha, irudi chuoni ichanwe vipande vidogo, ndipo ipelekwe kwa wanaotengeneza karatasi upya. Isiende kwenye chakula. Ule wino nao si wa kula. Na kazi mpya zitumie namba ya usajili, siyo jina."

Hamida alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kuna jambo moja mtandao hautakusaidia, Nurdin," Flaviana alisema akiwa anavaa viatu mlangoni. "Ukihamisha tusi kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu, bado ni tusi."

Flaviana alipoondoka, Nurdin aliichukua ile karatasi yenye mafuta. Alikuwa ameificha chini ya godoro. Ilikuwa ukurasa wa kwanza tu. Alichakura maboksi mpaka akapata kurasa nyingine za kazi ile, zilizokuwa zimechomoka na kuangukia boksi jingine. Akakaa sakafuni, akasoma yote, neno kwa neno.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mbovu kweli. Lakini wa tatu Najat aliandika kuhusu akina mama wa Chamazi wanaouza chakula alfajiri. Aliandika jinsi wanavyokopeshana unga, na jinsi mwenye mgonjwa nyumbani anavyosaidiwa na mwenzake kuuza vitu vyake. Aliandika kwamba huu ndio mfuko wa maendeleo ambao vitabu haviuoni. Nurdin alikuwa amefundisha somo lile kwa miaka mingi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwandikia jambo hilo. Yeye alilikosa, kwa sababu hakufungua ukurasa.

Alilia pale sakafuni, mtu mzima. Hamida alimwona. Akamletea maji.

Nurdin alibadilisha somo lake. Aliwaomba radhi wanafunzi kuhusu ile amri ya kopi. Notsi zikapanda kwenye mfumo, mafaili madogo madogo. Nakala chache zikakaa maktaba. Kazi tatu zikawa moja fupi na nyingine ya makundi. Mwanzoni kulikuwa na vurugu. Mfumo uliwagomea wengine siku ya kutuma, akalazimika kuwaongezea muda. Kundi moja lilikuja halijajiandaa, likabaki linaangaliana. Lakini taratibu mambo yakakaa sawa. Wanafunzi walipoeleza kazi zao kwa mdomo, wenzao waliuliza maswali. Nurdin aliwajua kwa sura na kwa fikra. Siku ya kukusanya kazi, mbele ya steshenari hapakuwa na foleni. Mwanafunzi mmoja alimwambia, "Mwalimu, semista hii nimekula."

Yale maboksi yalirudi chuoni kuchanwa. Sebule ikabaki na makochi tu. Ilikuwa pana, safi, na bado hakuna mgeni.

Kwa Najat, Nurdin alirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema, "Najat, nilikuonea. Sikusoma kazi yako. Sasa nimeisoma." Kisha alieleza ukurasa baada ya ukurasa, nini kizuri na nini arekebishe. Alimwambia kwamba kila mwanafunzi wa mwaka ule atatuma tena kazi yake kwa mtandao, isahihishwe upya. Akatuma.

Tiki zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Siku zikapita. Jibu halikuja. Nurdin akaacha kuangalia simu.

Asubuhi moja, harufu ya kunde zikikaangwa iliingia dirishani. Hamida alikurupuka. "Somoe amewasha!"

Nurdin alichukua bakuli jikoni, akatoka. Pale kibandani kulikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na chombo chake. Huyu sahani, yule kontena lenye mfuniko. Ukutani kulibandikwa kipande cha boksi chenye mwandiko wa Najat: NJOO NA BAKULI LAKO. Kondo wa bodaboda alisahau bakuli.

"Nifungie hata kwenye gazeti, mama."

"Kwangu karatasi hakuna. Vua helmeti."

Watu wakacheka. Kondo aliinamisha kichwa, akapokea bagia ndani ya helmeti yake, akaondoka bila utani.

Nurdin alisimama kwenye mstari na bakuli lake. Ilipofika zamu yake, Bi Somoe alimhudumia aliye nyuma yake. Kisha aliye nyuma ya huyo. Nurdin hakuondoka. Wateja wakaisha. Karai likabaki na mafuta matupu. Bakuli lake lilikuwa tupu pia.

Mlango ulifunguliwa. Najat alitoka na simu mkononi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Najat."

"Ule ujumbe wako mrefu. Umenimalizia bando."

Nurdin hakujua acheke au aombe radhi. Akasema, "Nitaukata vipande siku nyingine."

Najat hakucheka. "Nimemsikilizisha mama. Pale kwenye ukurasa wa tatu, amerudia mara nyingi."

Bi Somoe aligeuka upande, akajifanya anafuta karai.

"Utarudi chuo?" Nurdin aliuliza.

"Semista hii nimeshaipoteza. Majaribio yote yamenipita. Nimeahirisha mwaka." Aliangalia barabara, kule kijiweni. "Mwakani sijui. Bado wanaimba."

Kuna karatasi unazozuia kuprinti, na kuna iliyokwisha kusomwa. Hiyo ya pili hairudi. Alisimama pale na bakuli lake, akaona mikono ya Bi Somoe, ile mikono iliyofunga. Akaona na mikono yake mwenyewe, ile iliyoandika.

"Nimekuelewa," alisema mwishowe. Akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi na bakuli tupu?" Bi Somoe alimuita. "Mkeo atasema nini? Kwamba Somoe ana roho mbaya kuliko wewe?"

"Bagia zimeisha, Bi Somoe."

"Za kuuza zimeisha. Za nyumbani ziko kwenye sahani." Alijifunga khanga vizuri, bado hajamtazama usoni. "Mie sijakusamehe, Mwalimu. Usije ukasema nimekusamehe. Lakini njaa haina kosa. Najat, mwite na Hamida, mwambie aje na chai yake, ile ya tangawizi."

Kisha akasukuma pazia la mlango kwa bega.

"Vua viatu, uingie ule."